Kalori kwenye menyu: tumemkodolea macho mteja, jikoni hatukuingia

Januari 2025, mtandao wa Cochrane, unaokusanya tafiti za afya na kuzipima uzito, ulitoa mapitio mapya kuhusu kuandika idadi ya kalori kwenye menyu na kwenye vyakula vinavyouzwa. Wachambuzi walipitia tafiti 25 na kukuta kwamba pale namba zinapoandikwa, watu huchagua chakula chenye nishati pungufu kwa asilimia 1.8. Kwenye mlo wa kalori 600, hiyo ni kalori 11, sawa na lozi mbili. Waliokuwa wanaipinga sera hii tangu mwanzo walishika lozi hizo mbili kama ushahidi kwamba serikali zimepoteza muda. Waliokuwa wanaitetea walijibu kwamba punguzo dogo kwa watu mamilioni si dogo, hasa kama linarudiwa kila siku kwa miaka. Mjadala ukaganda hapo, kila upande ukisema takwimu ile ile inauunga mkono.

Pande zote mbili zimeisoma namba hiyo vibaya. Zinampa mteja kazi ambayo sehemu yake kubwa ni ya jiko. Ili mgahawa uandike “kalori 720” mbele ya jina la chakula, lazima kwanza mtu apime viazi, ahesabu mayai, ajue mafuta kiasi gani yameingia kwenye kikaango, na ahakikishe mpishi wa zamu ya jioni anafuata kipimo kile kile cha mpishi wa asubuhi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kalori 120, mara kumi na zaidi ya kile ambacho lebo inamfanya mteja wa kawaida apunguze. Kwa hiyo swali la “mteja ameagiza nini baada ya kuona namba?” ni halali, lakini ndilo dogo. Swali kubwa ni namba hiyo imelazimisha nini kibadilike kabla sahani haijafika mezani, na kama sheria zilizopo zimeandikwa kwa namna ya kulazimisha hivyo.

Historia yake si ndefu. Bodi ya afya ya jiji la New York ilipitisha kanuni ya kwanza mwishoni mwa 2006, mahakama ikaitengua mwaka uliofuata, ikaandikwa upya na kuanza kutumika 2008 kwa migahawa yenye matawi 15 au zaidi. Mwaka 2010 Marekani iliingiza sharti hilo kwenye sheria kubwa ya bima ya afya, safari hii kwa minyororo ya migahawa yenye matawi 20 na kuendelea, ila usimamizi wake nchi nzima ulianza rasmi Mei 7, 2018. Saudi Arabia ilianza 2019. Uingereza, kwa maana ya England peke yake, ilianza Aprili 6, 2022, kwa biashara zenye wafanyakazi 250 au zaidi: kalori ziandikwe pale mteja anapochagulia, iwe kwenye menyu ya mkononi, ubao wa ukutani au programu ya simu, pamoja na maelezo kwamba mtu mzima anahitaji takriban kalori 2,000 kwa siku. Na tukisema kalori hapa, kama ilivyo kwenye menyu zote, tunamaanisha kilokalori, ile inayoandikwa kcal kwenye vifungashio.

Ushahidi kuhusu mteja umekuwa wa kupanda na kushuka tangu siku ya kwanza. Watafiti waliokusanya risiti kwenye mitaa ya kipato cha chini ya New York, na kuzilinganisha na za Newark, jiji jirani ambalo halikuwa na sheria hiyo, walikuta kwamba karibu nusu ya wateja wa New York waliziona namba, na zaidi ya robo ya walioziona walisema ziliwagusa katika uamuzi wao. Risiti hazikuonyesha tofauti yoyote. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa mamilioni ya mauzo ya maduka ya kahawa ya Starbucks jijini humo humo ulionyesha kalori kwa kila mauzo zimeshuka kwa asilimia 6, kutoka wastani wa 247 hadi 232. Karibu punguzo lote lilitoka kwenye vitafunwa: mtu aliacha keki au alichagua iliyo ndogo. Kwenye vinywaji karibu hakuna kilichobadilika. Mnywaji wa kahawa ya kila asubuhi ameshaamua kabla hajafika kaunta, ilhali kitafunwa huamuliwa palepale, kwa macho, na ndiyo maana namba iliyo karibu na kitafunwa hupata nafasi ya kusikika.

Halafu kuna suala la muda. Kwenye migahawa 104 ya kampuni moja ya chakula cha haraka katika majimbo ya kusini mwa Marekani, watafiti walifuatilia mauzo kuanzia 2015 hadi 2018. Namba zilipobandikwa, kalori kwa kila mauzo zilishuka kwa 60. Lakini kila wiki iliyofuata zilirudi juu kidogo kidogo, na mwaka ulipotimia punguzo lilikuwa limebaki 23. Mwenye kuzoea kuona ubao hauoni tena. Na England, kikundi cha watafiti kikiongozwa na Chuo Kikuu cha Liverpool kilihoji wateja 6,578 kwenye migahawa, mikahawa na baa 330, kabla na baada ya sheria. Walioziona namba waliongezeka kutoka asilimia 16.5 hadi 31.8, yaani theluthi moja tu ya watu hata baada ya sheria. Kati ya walioziona, karibu asilimia 22 walisema walizitumia. Ukizidisha, ni wateja wapatao 7 katika kila 100. Kalori walizonunua na walizokula hazikupungua kwa kiasi kinachoweza kuthibitishwa.

Kwa mtazamo wa mteja, basi, hukumu ya lozi mbili inaelekea kuwa sahihi, na anayetetea lebo lazima akubali hivyo bila kuzunguka. Tuseme mtu anakula nje mara tatu kwa wiki. Kalori 11 mara tatu ni 33 kwa wiki, takriban 1,700 kwa mwaka. Gramu 1,000 za mafuta ya mwili hubeba kama kalori 7,700, hivyo mwaka mzima unampa gramu 220 tu kwa hesabu ya kalamu, na mwili hauendi kwa hesabu ya kalamu: ukipungua hujirekebisha, na mlo mdogo wa mchana hulipwa kwa mlo mkubwa wa usiku. Jaribio moja la Chuo Kikuu cha Yale lilionyesha hilo waziwazi. Watu 303 waligawanywa katika makundi matatu: menyu isiyo na namba, menyu yenye kalori, na menyu yenye kalori pamoja na maelezo kuhusu kiasi cha kalori ambazo mtu anahitaji kwa siku nzima. Makundi mawili yenye namba yalikula kidogo mezani. Lakini wale waliopewa namba tupu walikwenda kufidia baadaye jioni. Waliopewa na kipimo cha siku nzima hawakufidia, na jumla yao ilipungua kwa takriban kalori 250 wakilinganishwa na makundi mengine. Namba isiyo na kipimo cha kuilinganisha nayo ni kama bei isiyo na sarafu: 900 ya nini, kubwa au ndogo?

Sasa tuingie jikoni. Tuchukue chakula ambacho kila msomaji wa lugha hii anakijua, chipsi mayai, na tufanye kazi ambayo sheria ya England ingemtaka mwenye mgahawa aifanye. Kanuni ya msingi ni kwamba gramu moja ya wanga ni kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9, ya kileo 7, na nyuzinyuzi huhesabiwa 2. Hakuna anayelazimika kupeleka sahani maabara. Unaruhusiwa kukokotoa kwa majedwali ya virutubishi, na haya yapo hata kwetu: Tanzania ina majedwali yake yaliyotolewa 2008, na Kenya yake ya 2018. Chukua viazi gramu 300, vilivyopimwa baada ya kumenywa, kwa sababu maganda hayaliwi na ukiyahesabu unajidanganya. Viazi vibichi vina takriban kalori 77 kwa gramu 100, hivyo tunapata 231. Mayai mawili bila maganda ni kama gramu 100, kalori 143. Mpaka hapa kazi ni rahisi, na jumla ni 374.

Ugumu unaanza kwenye mafuta, na hapo ndipo wengi huharibu. Kiazi kikiingia kwenye mafuta hupoteza maji na kunywa mafuta, na kiasi kinachonywewa hakimo kwenye jedwali la kiazi kibichi. Njia ya vitendo ni kupima karai: pima mafuta kabla ya kuanza, kaanga sahani kumi, acha yapoe, pima tena. Yakipungua gramu 250, kila sahani imebeba kama gramu 25, ambazo ni kalori 225. Baadhi yatakuwa yameganda kwenye chujio na kwenye karatasi, ndiyo sababu hesabu hii huwa juu kidogo, lakini kukosea kwa juu ni afadhali kuliko kukosea kwa chini. Kisha mafuta ya kikaango cha kuunganishia mayai na chipsi: kijiko kikubwa kimoja, 120. Jumla imefika kama 719. Wengi huishia kwenye 374 kwa sababu wanahesabu vinavyoonekana kwenye sahani na kusahau vilivyomezwa, na nusu ya chakula chao inapotea kwenye vitabu. Mayonezi kijiko kimoja inaongeza takriban 95, na soda ya mililita 350 takriban 150. Hivyo viwili, sheria ya England inavishughulikia kwa namna tofauti: soda inayomiminwa mgahawani lazima iandikwe, lakini mchuzi wa chupa ambao mteja anajiwekea mwenyewe mezani hauhesabiwi. Ni mwanya unaoeleweka kiutawala, na ni mwanya mkubwa kwa mtu anayekamua chupa mara nne.

Angalia kinachotokea kwa mwenye jiko akishamaliza hesabu hiyo. Amegundua kwamba zaidi ya kalori 340 kati ya 719, karibu nusu ya sahani, ni mafuta, na kwamba mafuta ndiyo kitu pekee ambacho mpishi wake hamimini kwa kipimo. Anamimina kwa macho, kutoka kwenye chupa. Zamu ya leo kijiko kimoja, zamu ya kesho viwili, na sahani imepanda kwa kalori 120 bila bei kubadilika na bila mteja kuonja tofauti. Mwenye jiko sasa ana sababu tatu za kurekebisha: namba yake ya ukutani itakuwa ya uongo, mafuta yanagharimu, na sahani mbili zinazotoka tofauti zinamkera mteja wa kudumu. Marekebisho yenyewe ni ya kawaida kabisa. Mpe mpishi kijiko cha kupimia badala ya chupa. Pasha mafuta mpaka nyuzi 175 hadi 180 kabla ya kutumbukiza viazi, na usijaze karai, maana viazi vingi vya baridi kwa mkupuo mmoja hushusha joto, vinakaa muda mrefu, vinatoka vimelowa. Kata viazi vinene, kwa sababu chipsi nyembamba zina uso mwingi zaidi wa kushika mafuta kwa uzito ule ule. Na muhimu kuliko yote, kung'uta chujio palepale chipsi zinapotoka: sehemu kubwa ya mafuta huingia ndani wakati chipsi zinapopoa, mvuke uliomo unapojikunja na kuyavuta yaliyobaki juu ya uso. Sekunde ishirini za kukung'uta na kumwaga juu ya karatasi zinaweza kuondoa kalori nyingi kuliko zile 11 za Cochrane, kwa kila mteja, asome ubao au asisome.

Hapo ndipo ninaposema tumepima mahali pasipostahili. Tafiti nyingi husimama mlangoni na kukusanya risiti muda mfupi kabla na muda mfupi baada ya sheria kuanza. Lakini jiko halisubiri siku hiyo. McDonald's ilianza kuandika kalori kwenye menyu zake zote za Marekani Septemba 2012, karibu miaka sita kabla ya usimamizi wa serikali. England ilipitisha kanuni zake 2021, na minyororo mikubwa ilikuwa na miezi mingi ya kukokotoa na kurekebisha. Anayepima “kabla” katika kipindi hicho anapima jiko ambalo tayari limeanza kubadilika. Waliotazama menyu zenyewe badala ya risiti wamekuta kitu kingine. Uchambuzi wa vyakula zaidi ya 35,000 vya minyororo 59 ya Marekani ulionyesha kwamba vyakula vipya vilivyoingizwa baada ya sheria ya 2018 vilikuwa na kalori 113 pungufu, karibu robo, kuliko vipya vilivyoingizwa kabla yake. Mfano wa zamani una nguvu zaidi. Marekani ilipolazimisha viwanda kuandika mafuta yaliyogandishwa kiwandani (trans fat) kwenye vifungashio kuanzia 2006, wanunuzi wachache ndio waliojifunza maana ya mstari ule mpya, ila watengenezaji hawakutaka kuonekana na namba hiyo, wakabadilisha majarini na biskuti. Mapitio yaliyochapishwa 2019, yaliyojumlisha tafiti za aina zote za lebo, yalikuta mafuta hayo yamepungua kwenye bidhaa kwa asilimia 64 na chumvi kwa karibu 9.

Haitakuwa haki kuficha upande wa pili wa ushahidi huo. Mapitio hayo hayo hayakukuta badiliko la uhakika kwenye jumla ya kalori zinazowekwa na watengenezaji. Na ule uchambuzi wa vyakula 35,000 ulionyesha kwamba vyakula vya zamani, vile ambavyo vimekuwa kwenye menyu miaka yote na ndivyo vinavyouzwa sana, havikuguswa. Kilichobadilika ni vilivyoingia vipya. England nako wastani wa menyu ulishuka kwa kalori chache tu. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuendesha jiko: chakula kinachouza kina wateja wanaokijua kwa ulimi, na hakuna meneja anayetaka kuwa yeye aliyekiharibu. Kwa hiyo sidai kwamba jiko linajirekebisha lenyewe likishaona namba. Ninachodai ni kwamba mlango upo upande huo, na sheria zilizoandikwa mpaka sasa zimeusukuma kwa kidole kimoja.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili heshima. Ya kwanza ni ya watu wenye matatizo ya ulaji, wale ambao akili zao zinahesabu kila tonge na ambao namba mezani inaweza kuwa kichocheo cha kurudi kwenye ugonjwa. Shirika la Beat la Uingereza, linalowahudumia, lilipinga kanuni hizo kabla hazijaanza. Hili si suala la kubezwa. Ugonjwa wa kujinyima chakula huua. Sheria ya England inaruhusu mgahawa kuwa na menyu isiyo na namba kwa mteja anayeiomba, lakini hailazimishi, na kumtaka mgonjwa ajitangaze kwa mhudumu mbele ya wenzake ni kumbebesha mzigo mwingine. Marekebisho yangekuwa rahisi: menyu hizo ziwe lazima na ziwekwe wazi pembeni ya zile nyingine, mtu achukue bila kuomba. Na kadiri sera inavyoelekea kwenye vipimo vya jikoni, ndivyo inavyohitaji kumpigia mteja kelele kidogo. Saudi Arabia imekwenda upande wa pili. Tangu Julai 2025 menyu zake zinatakiwa kuonyesha pia muda wa mazoezi unaohitajika kuunguza kalori za chakula, alama ya kichupa cha chumvi kwa vyakula vyenye chumvi nyingi, na kiasi cha kafeini. Alama ya chumvi ina maana kwa mwenye shinikizo la damu. Dakika za kutembea mbele ya sahani ya wali, kwa maoni yangu, zinafundisha kwamba chakula ni deni, na hilo ndilo fundisho ambalo wenye matatizo ya ulaji tayari wameshalishwa kupita kiasi.

Ya pili ni ya tabaka. Lebo humsaidia mwenye uhuru wa kuchagua. Mtu anayebeba mizigo sokoni Kariakoo au Gikomba, aliye na pesa ya mlo mmoja mpaka jioni, akiona sahani mbili za bei moja, moja kalori 450 na nyingine 900, akili timamu itamwambia achukue ya 900. Utafiti wa kwanza wa New York ulifanywa kwenye mitaa ya maskini na ndio uliokosa athari, na sioni hilo kama jambo la ajabu. Ni hoja nzito dhidi ya kuiga sheria ya England kama ilivyo, na ni hoja nyingine ya kuanzia jikoni, kwa sababu mafuta yaliyozidi kwenye kikaango hayamshibishi mbeba mizigo kwa muda mrefu kama maharage ambayo yangenunuliwa kwa pesa hiyo hiyo.

Pingamizi dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa zaidi, ni kwamba mtu mzima anajua tayari: haihitaji namba kumwambia kwamba kuku wa kukaanga anazidi saladi. Kupanga vyakula viwili kwa mafungu kweli watu wanaweza. Kukadiria hawawezi. Katika utafiti uliochapishwa 2013, watafiti waliwauliza wateja wa migahawa ya chakula cha haraka huko New England, Marekani, mlo walioununua una kalori ngapi, wakalinganisha na risiti. Angalau theluthi mbili walikadiria chini ya ukweli, na karibu robo ya wote walikosea kwa kalori 500 au zaidi, mlo mzima mwingine. Makosa yalikuwa makubwa zaidi kwenye migahawa yenye sura ya afya, ya mkate na mboga, kuliko kwenye ya baga. Na saladi yenyewe ni mfano mzuri wa kwa nini “kila mtu anajua” haitoshi: majani gramu 150 ni kalori 30 hivi, lakini vijiko vitatu vya mchuzi wenye mafuta, kiganja cha jibini na vipande vya mkate wa kukaanga vinaweza kuipita baga bila mtu kuhisi. Anayesema watu wanajua anazungumzia mafungu. Uzito wa mwili hauendi kwa mafungu.

Kama kalori zitaandikwa, basi ziandikwe kwa namna inayofanya kazi, na hapa kuna mambo ya mpangilio ambayo hayagharimu chochote. Namba ikae kabla ya jina la chakula. Majaribio yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba wateja wa Marekani walioona kalori upande wa kushoto wa jina waliagiza karibu robo pungufu kuliko walioziona upande wa kulia, kwa sababu jicho lililokwisha kutamani jina halisikilizi tena namba. Walipojaribu kwa wasomaji wa Kiebrania, wanaosoma kutoka kulia, mambo yaligeuka. Menyu ya lugha mbili ya Muscat au Jeddah, yenye Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande mwingine, ingehitaji namba sehemu mbili. Ni utafiti mmoja na athari kama hizo huwa zinapungua zikirudiwa, ila kuhamisha namba ni kazi ya mchapaji ya dakika tano. Na namba iwe moja. “Kalori 600 hadi 1,300 kutegemea nyongeza” haimsaidii mtu, ilhali ndivyo milo ya kuchanganya inavyoandikwa mara nyingi.

Usahihi ndio mgumu zaidi, na ndio ambao watunga sheria wameupa uzito mdogo. Katika utafiti uliochapishwa 2011, watafiti walinunua vyakula 269 kutoka migahawa 42 ya Marekani, wakavichoma kwenye kifaa cha maabara kinachopima nishati. Kwa wastani namba zilizotangazwa zilikuwa sahihi. Lakini wastani unaficha: asilimia 19 ya sahani zilizidi namba yao kwa kalori 100 au zaidi, na migahawa ya kukaa na kuhudumiwa ilikuwa na tofauti kubwa kuliko ya chakula cha haraka, ambako kila kitu kinakuja kimepimwa kutoka kiwandani. Tofauti hiyo inatoka kwenye mkono: upawa uliojaa na upawa uliosawazishwa, kipande cha nyama cha gramu 120 na cha gramu 170, siagi ya kumalizia ambayo mpishi huitupia kwa mazoea. England inatoa adhabu ya pauni 2,500 kwa mgahawa usiotii, lakini afisa wa halmashauri akifika huangalia zaidi kama namba ipo kuliko kama ni ya kweli.

Kwa Afrika Mashariki, ambako sheria ya namna hii haijafika na ambako kigezo cha wafanyakazi 250 kingegusa migahawa ya kuhesabu vidoleni, mpangilio wenye mantiki ni kinyume cha ule wa London. Minyororo ya kimataifa yenye matawi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam tayari ina namba za mapishi yake, kwa hiyo kuitaka iziweke ubaoni hakuiongezei kazi kubwa. Kwa mamalishe na hoteli za mtaani, kudai namba ni kudai hesabu ambayo wengi hawana mizani ya kuifanyia, na zitabandikwa namba za kunakili. Hao wanaweza kufikiwa kwa njia nyingine: mafunzo ya upishi yanayofundisha kipimo cha mafuta na joto la karai, na sahani na vikombe vyenye ukubwa maalum. Ukubwa wa sahani una ushahidi mzito kuliko lebo. Mapitio ya Cochrane ya 2015 yalikadiria kwamba kama watu wa Uingereza wangeondolewa milo, vifungashio na vyombo vikubwa kwenye ulaji wao wote, wangepunguza kati ya kalori 144 na 228 kwa siku. Linganisha na 11.

Na pale namba zitakapoandikwa, ukaguzi uanze upande wa nyuma wa jengo. Afisa afya aombe kadi ya mapishi ya vyakula vitano vinavyouzwa sana, aone kama uzito umeandikwa kwa gramu au kwa “kiasi,” aangalie kama kijiko cha kupimia mafuta kina dalili ya kutumika, kisha aagize sahani tatu za chakula kile kile kwa nyakati tofauti za siku na azipime kwenye mizani ya jikoni moja baada ya nyingine. Kazi hiyo inachukua saa chache na haihitaji maabara.